Sababu ya samaki mkubwa kurejeshwa baharini Wasini

Wageni wanaokodi boti Shimoni, mkabala wa kisiwa cha Wasini, hushangaa nahodha anapomwachilia samaki waliyepigana naye kwa muda mrefu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, ndiposa nduaro na sulisuli hupatikana humo, hasa msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi. Kusi likivuma, bahari huchafuka na boti nyingi hukaa ufuoni.

Samaki hao hutiwa alama yenye nambari kabla ya kuachiliwa, ili wakivuliwa tena ijulikane walikosafiri. Jodari na nguru, kwa bahati nzuri, huliwa. Lakini huliwa na nani? Mkodishaji na mgeni waafikiane hilo kabla ya malipo, pamoja na gharama ya mafuta.