Samaki wa nukta nane: mabinti zetu wajifunze kuchora mstari laini kwenye kompyuta

Mwezi wa Machi ukikaribia, vikundi vya wamama hapa Bukavu vinaanza mazungumzo yale yale: tuvae kikwembe gani, polo ziwe za rangi gani, na nani atatuchorea alama ya kikundi. Kikwembe tunakichagua wenyewe, Kadutu au Nyawera, tukikishika kwa vidole, na hakuna muuzaji wa kutudanganya. Alama ndiyo tunayowaachia wengine. Tunampelekea kijana wa kuchapisha picha iliyopigwa kwa simu, iliyokwisha kuzunguka kwenye WhatsApp mara nyingi, naye anaifanyia anavyoweza. Tarehe 8 inafika, tunapita barabarani na bango lenye samaki ambaye tumbo lake limekuwa ngazi-ngazi, kana kwamba alichongwa kwa panga.

Mwaka unaofuata tunalipa tena, maana hatukupewa kitu cha kuhifadhi isipokuwa picha ileile mbovu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Tangu miezi kadhaa, Jumamosi baada ya saa nane, ninakaa na mabinti wachache wa wamama wanaouza sambaza, tukiwa na kompyuta mbili za kuazima. Nimechagua wasichana peke yao kwa makusudi. Darasani, kompyuta ikiwa moja, wavulana ndio wanaoshika kipanya, na wasichana wanasimama nyuma wakiandika kwenye daftari kile ambacho wavulana wanafanya. Na tuseme ukweli, katika shule nyingi za kwetu somo la kompyuta linafundishwa kwa chaki na ubao. Mtoto anajua kutaja sehemu za kibodi kabla hajaigusa.

Kazi tuliyojipa ni moja: kuchora sambaza mmoja, vizuri, aweze kuwekwa kwenye mfuko wa polo na kwenye bango la mita tatu bila kuharibika.

Kwa nini picha ya simu inaharibika? Imeundwa kwa vipande vidogo vya rangi, pikseli, vilivyopangwa kama shanga kwenye mkufu mpana. Ukiikuza, shanga haziongezeki, kila moja inanenepa tu, ndipo ngazi zinapoonekana. Mchoro wa aina ya pili, unaoitwa vekta, hauna shanga. Ndani yake mna maagizo: anzia hapa, pinda hivi, fika pale. Kompyuta inachora upya kila mara kwa kipimo unachotaka. Kwa hiyo shida yote inabaki kwenye maneno hayo mawili, "pinda hivi". Mstari ulionyooka hauna fundisho. Mtoto yeyote anauchora kwa rula. Ugumu uko kwenye tumbo la samaki.

Hapo niliweka kompyuta kando. Umeme wenyewe ulikuwa umekatika siku ile. Nikachukua katoni, sindano na uzi, na nawaomba mjaribu nyumbani na watoto, kwa sababu zoezi hili halihitaji senti.

Chora kwenye katoni mistari miwili inayokutana kwenye kona, kama herufi L, kila mmoja sentimita kumi. Toboa matundu kumi kwenye kila mstari, yenye nafasi ya sentimita moja. Mstari wa kwanza, hesabu kuanzia ncha ya mbali: tundu la 1 liko mwisho kabisa, la 10 liko karibu na kona. Mstari wa pili, geuza: la 1 liko karibu na kona, la 10 liko mwisho. Sasa pitisha uzi kutoka 1 mpaka 1, kutoka 2 mpaka 2, hivyo hivyo mpaka 10. Vuta kila uzi ukaze.

Hakuna hata uzi mmoja uliopinda. Lakini kati yao unatokea mstari wa kupinda, laini, usio na kona hata moja. Mtoto wa miaka kumi na miwili alinigeukia akaniuliza, "Mwalimu, huu nani ameuchora?"

Uangalieni vizuri. Unaondoka kwenye ncha ya kwanza ukifuata mstari wa kwanza, unafika kwenye ncha ya mwisho ukifuata mstari wa pili. Kona inauvuta kuja kwake, lakini haufiki kwenye kona. Ukitengeneza katoni nyingine ambayo kona yake imefunguka zaidi, mstari unalegea. Ukiibana kona, unapinda kwa ukali. Anayeelewa katoni hii ameelewa programu zote za kuchora za dunia hii, za bure na za kulipia.

Jambo hilohilo, kwa hesabu, liligunduliwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Zamani umbo la gari lilipita kutoka mchoro kwenda kwenye kiolezo cha mbao, kisha kwa fundi mwingine, na kila mkono ulilibadilisha kidogo. Viwanda vilitaka umbo liandikwe kwa namba ambazo mashine itazifuata. Kijana mmoja wa hesabu, Paul de Casteljau, alipata njia mwaka 1959 akiwa Citroën, lakini kampuni iliifanya siri. Mhandisi wa Renault, Pierre Bézier, alifika hapohapo kwa njia yake katika miaka ya 1960, yeye akaichapisha. Ndiyo maana mistari hii inaitwa mistari ya Bézier hadi leo, na jina la mwenzake halijulikani sana. Herufi unazosoma kwenye simu yako zimechorwa kwa mistari hiyo.

Sasa kompyuta. Tunatumia programu inayoitwa Inkscape, iliyoanza mwaka 2003. Ni ya bure, na leseni yake inaruhusu kuinakili na kumgawia jirani bila kuvunja sheria. Ina Kifaransa. Jambo kubwa kwetu ni kwamba ukiisha kuiweka kwenye kompyuta haihitaji intaneti tena: mmoja anaipakua, wengine wanaipokea kwenye fleshi.

Ukibonyeza herufi B unapata kalamu. Bofya na uachie, umeweka nukta yenye kona. Bofya na uvute kabla ya kuachia, nukta inaota vipini viwili, kama mikono ya mtu aliyeinyoosha huku na huku. Vipini hivyo ndiyo mistari ya katoni yetu. Tofauti ni kwamba kwenye katoni kona moja ilivuta peke yake, na hapa kila ncha ya mstari ina mvutaji wake. Ukibonyeza N unaweza kurudi kusogeza nukta na vipini. Mstari ukiingia nukta kwa kipini kimoja na kutoka kwa kingine, na vipini hivyo viwili viko kwenye mnyooko mmoja, hutaona mahali ulipounganishwa. Vikivunjika, jicho linashtuka. Mama aliyewahi kushuka Ngomo kwenda Uvira anajua: dereva mzuri anazungusha usukani polepole na kuurudisha polepole, mbaya anaukata, na mizigo yote inaangukia upande mmoja.

Mabinti walipoanza, walifanya kile ambacho kila anayeanza anafanya. Walizunguka picha ya sambaza wakibofya kila mahali, wakiamini kwamba nukta nyingi ni uangalifu mwingi. Kwenye samaki mmoja nilihesabu nukta zaidi ya sitini. Alikuwa na matuta kama barabara ya mvua.

Nikawaonyesha duara. Inkscape ikigeuza duara kuwa njia, utakuta nukta nne tu: juu, chini, kushoto, kulia. Kila kipini kina urefu wa karibu asilimia 55 ya nusu kipenyo, basi. Kama duara zima linatosheka na nukta nne, samaki anataka sitini za nini? Nukta inawekwa pale mstari unapofika juu kabisa, au chini kabisa, au pale penye kona ya kweli. Kwingine uache mstari upite wenyewe. Kwa kuanza, kipini kiwe kama theluthi ya umbali wa kufika nukta inayofuata, kisha unarekebisha kwa jicho.

Tukamhesabu sambaza upya. Mdomo, kona. Mgongo mahali palipo juu zaidi, nukta laini, vipini vimelala sawasawa na samaki. Mzizi wa mkia, upande wa juu, kona. Ncha ya juu ya mkia. Pale mkia unapogawanyika. Ncha ya chini. Mzizi wa mkia upande wa chini. Tumbo mahali palipo chini zaidi, laini tena. Nane. Ukibofya ya kwanza mara ya pili, umbo linajifunga. Jicho ni duara lake peke yake.

Ilichukua Jumamosi tatu. Sisemi kwamba ni rahisi. Mkono unataka kuongeza nukta kila unapoona kasoro, wakati dawa yake mara nyingi ni kufuta moja.

Jumamosi ya pili mama mmoja mshonaji alikuja kumchukua binti yake, akakaa kungoja. Hajawahi kugusa kompyuta. Binti alikuwa anachora shingo ya shati la shule, nusu moja, ili aigeuze nusu ya pili kama kitambaa kilichokunjwa. Mama akatazama kidogo akasema, "Hapo katikati patatoka ncha. Mstari lazima ufike kwenye mkunjo ukiwa umelala, kama mguu wa meza na sakafu." Alikuwa na haki kabisa. Kipini cha nukta ile kilikuwa kimeinama kidogo. Shingo ingefunguka ikiwa na pembe kifuani. Binti akashika kitufe cha Ctrl, ambacho kinazuia kipini kuyumba, akakilaza.

Nimefikiri sana juu ya dakika ile. Kila mshonaji aliyejifunza kukata, awe alijifunza kwa jirani au katika vituo kama Maison Dorcas kule Panzi, anajua tayari shingo inavyokutana na bega na duara la kwapa linavyopita bila kuvunjika. Wengine wana rula ile ya kupinda inayoitwa peroke. Wanachokosa ni jina la kitufe tu. Nionavyo mimi, mshonaji wa miaka hamsini yuko karibu zaidi na kazi hii kuliko kijana wa miaka ishirini anayejua vitufe vyote na hajui nguo inavyokaa mwilini.

Mtasikia kwamba kuna njia ya mkato, kwamba programu yenyewe inaweza kuifuata picha na kuigeuza vekta. Ni kweli, ipo, na kwa maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe inasaidia. Lakini ukiipa picha ya simu inakurudishia mamia ya nukta, pamoja na kivuli na mikunjo ya meza. Kusafisha kazi hiyo kunachukua muda kuliko kuchora nukta nane. Mimi siwaruhusu wanafunzi waitumie mpaka wajue kuchora bila hiyo.

Kwa viongozi wa vikundi, vya MUSO, vya AVEC na vingine: hata kama mnaendelea kumlipa mtu achore, mwombeni faili la mwisho lenye herufi SVG, na muombe kabla ya kulipa. Hilo ndilo lenye maagizo. JPG ni picha tu ya kazi mliyoinunua. Liwekeni kwenye fleshi mbili, moja kwa rais wa kikundi, moja kwa mwenye sanduku, na mjitumie kwa barua pepe pia. Msilipitishe kama picha kwenye WhatsApp, litumeni kama hati. Hapo mnaweza kubadili mchapishaji siku mnayotaka, na yule mpya anaanza pale yule wa kwanza alipoishia.

Na kwa wale wenye mashine ya kutarizi, au wanaofikiria kuinunua pamoja: kuna nyongeza ya bure ya Inkscape, Ink/Stitch, inayogeuza mchoro wa vekta kuwa mishono ambayo mashine inaifuata. Beji za sare za shule zinaweza kutengenezwa hivyo. Samaki wetu bado hajajaribiwa kwa uzi. Mama mshonaji ameahidi kuleta kipande cha kitambaa Jumamosi ijayo, na amesema anataka kiti chake kiwe mbele, karibu na kipanya.