Ini Lenye Mafuta kwa Watoto: Kipimo Kipi Cha Kulipia?

Wengi wetu tumezoea kuuhesabu ugonjwa wa ini kuwa ni wa walevi. Lakini mtoto mwenye unene uliokithiri, asiyejua hata harufu ya pombe, naye ini lake huweza kujaa mafuta. Haliumi. Mtoto hucheza na kwenda shule kama kawaida, ilhali kwa baadhi yao mafuta hayo huleta uvimbe, kisha makovu. Ndiyo maana tunashauri apimwe kabla ya dalili kuonekana.

Kipimo cha kuanzia ni cha damu. Hupima kimeng'enya kiitwacho ALT, ambacho huvuja kutoka katika seli za ini zilizodhurika. Mwongozo wa mwaka 2017 wa wataalamu wa magonjwa ya tumbo na ini ya watoto wa Amerika Kaskazini unapendekeza kipimo hicho kwa kila mtoto mwenye unene uliokithiri, kuanzia umri wa miaka 9 hadi 11.

Hapa tunamwomba mzazi awe makini. Karatasi za maabara aghalabu huonyesha kiwango cha kawaida cha watu wazima, ambacho huweza kufika 40 au zaidi. Mwongozo tulioutaja unaweka ukomo wa 22 kwa wasichana na 26 kwa wavulana. Hivyo msichana mwenye 38 anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa kuwa yu salama. Usiridhike na neno "kawaida". Omba namba yenyewe, na karatasi uitunze. ALT ikidumu kwa zaidi ya miezi 3 ikiwa imezidi mara mbili ya ukomo huo, daktari afanye uchunguzi wa kina. Ikipita 80, asisubiri. Aulizwe pia kuhusu homa ya ini aina ya B na dawa anazotumia mtoto, kwa kuwa hizo nazo huipandisha.

Altrasaundi haitoshi kuwa kipimo cha kwanza, kwani mafuta machache huikwepa. Na fedha za dawa za "kusafisha ini" zibaki mfukoni: hakuna dawa iliyothibitishwa kutibu hali hii kwa watoto, na baadhi ya mitishamba huliumiza ini lenyewe. Afadhali soda na juisi za sukari ziondolewe mezani, kwa nyumba nzima, si kwa mtoto mmoja.

Majibu yakiwa mazuri, kipimo hurudiwa baada ya miaka 2 hadi 3, au mapema zaidi uzito ukiendelea kupanda.