Bushi za usukani wa pikipiki ya theluji: ununue, ukerezewe au utoboe mwenyewe?

Pikipiki ya theluji ikizeeka, usukani huanza kucheza. Unaushika, unausukuma mbele na nyuma, unagonga-gonga kabla skii hazijasogea. Waswahili walioko Maine, Minnesota au Finland, wanaonunua mashine hizi zikiwa zimeshatumika, wanaijua kasoro hiyo, na wanalijua pia jibu la muuzaji: "Ni bushi tu." Mara nyingi anasema kweli. Kinachobaki ni hesabu.

Lakini hakikisha kwanza. Inua pua ya mashine mpaka skii ziachane na ardhi. Mwenzako atikise usukani, wewe mulika tochi chini ya boneti. Nguzo ya usukani ikiyumba ndani ya kibano chake, bushi zimekwisha. Nguzo ikitulia huku skii zinachelewa kuitika, tatizo liko kwenye tairodi au viungo vyake, na hapo weka makala hii kando ukanunue kipuri. Viungo hivyo havitengenezwi nyumbani.

Katika mashine nyingi za zamani, bushi ya nguzo ni vipande viwili vya plastiki, kila kimoja na nusu duara yake, vinavyoikumbatia nguzo na kubanwa kwa bolti mbili. Vimegawanywa kwa sababu nguzo imechomelewa vyuma chini na kupindwa juu. Bushi ya duara zima haipiti. Ndiyo maana zile bushi za bronzi zilizoloweshwa mafuta, ambazo maduka ya beringi huziuza kwa bei ndogo, zinatoka kwenye kinyang'anyiro mapema.

Tuanze na kipuri cha kiwandani. Kama modeli yako bado inauziwa vipuri, seti ya bushi huwa dola kumi na kitu, pengine thelathini au arobaini, pamoja na usafirishaji. Anayetaka kutengeneza za kwake ili aokoe pesa na apige hesabu vizuri. Bonge dogo la plastiki nzuri ni dola 15 hivi. Biti pana ya kutoboa tundu la inchi 3/4, kipimo cha nguzo nyingi, ni dola kumi nyingine, na lazima uwe na keekee ya kusimama, kwa maana ile ya mkononi itakutobolea tundu lililopinda. Ongeza saa mbili za jioni. Asiye na vifaa ameshapata hasara kabla hajaanza.

Kwa hiyo bei si sababu. Sababu ipo, tena iko kwenye chuma. Bushi ikilika, kwa kawaida nguzo nayo huwa imelika: maji, chumvi na mchanga huingia katikati, na chuma kinapungua kidogo kidogo. Ukifunga bushi mpya ya kiwandani, iliyotobolewa kwa ajili ya nguzo mpya, usukani utaendelea kucheza, ila kwa heshima kidogo. Anayetoboa mwenyewe anapima nguzo yake kwa kaliperi mahali ilipolika, kisha anatoboa kulingana na chuma alicho nacho. Faida hiyo hainunuliki dukani. Ina masharti lakini: nguzo iwe imelika sawasawa pande zote. Iliyolika upande mmoja ikawa kama yai haina bushi ya kuiponya.

Sababu ya pili ni mashine ambazo kiwanda kimeshaziacha. Ukisaka bushi ya Ski-Doo au Arctic Cat ya miaka ya 1970, unaweza kuuziwa kipande cha zamani kilichokaa rafu kwa miongo, plastiki imeshakauka na kuwa ngumu. Hapo yako mpya ni bora.

Plastiki ipi? Wengi huanza na ubao wa jikoni wa kukatia nyama, na si wazo baya: ni polithini nzito, inateleza na hainywi maji. Tatizo ni unene. Ubao wa kawaida hauzidi sentimita moja na nusu, bushi nyingi ni nene zaidi, na polithini haikubali gundi, kwa hiyo usifikirie kubandika mbao mbili. Nunua bonge la UHMW, polithini sugu zaidi, ileile inayotengenezewa reli za plastiki ambazo mkanda wa mashine huteleza juu yake. Haivunjiki kwenye baridi kali. Delrin ni ngumu zaidi, inakatika safi na inashika kipimo, ila bei yake iko juu. Nailoni, ambayo mafundi wa kukereza wa Dar es Salaam na Nairobi huitegemea sana, huku ningeiacha: inanyonya maji na kuvimba, na pikipiki hii inaogelea kwenye theluji inayoyeyuka. Bushi zilizochapishwa kwa mashine ya 3D kwa plastiki ya PLA ni za maonyesho.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kutoboa kwanza na kukata baadaye. Msumeno unakula unene wake, na ukirudisha vipande pamoja tundu linakuwa bapa. Kata bonge katikati kwanza, vibane vipande kwenye jiliwa vikiwa vimegusana, kisha toboa juu ya ule mstari. UHMW hujirudisha kidogo baada ya biti kutoka, kwa hiyo maliza kwa msasa uliozungushwa kijitini.

Usiikaze bushi sana kwenye gereji yenye joto. Plastiki hii husinyaa kwenye baridi mara nyingi zaidi ya chuma. Tundu la milimita 19, kutoka nyuzi 20 za gereji hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, linaweza kupungua kwa milimita 0.15 na zaidi. Usukani uliokuwa laini jioni utakuwa mzito asubuhi, tena ukiwa njiani. Acha nafasi ya milimita 0.2 hivi, laza mashine nje usiku mmoja, kisha uuzungushe usukani mwisho hadi mwisho kabla ya kuwasha injini. Ukiwa mzito, rudi kwenye msasa. Na nati za kujifunga za zile bolti mbili, weka mpya. Ni senti chache.

Kuna kumpa fundi wa kukereza. Karakana nyingi za Marekani hutoza si chini ya saa moja ya kazi, na saa hiyo mara nyingi huzidi dola 100. Kwa vipande viwili vya plastiki sioni maana, isipokuwa nguzo yenyewe inahitaji kujazwa chuma na kukerezwa upya. Basi mpe vyote kwa pamoja.

Bushi za mihimili ya skii ni habari nyingine. Zinapokea kila pigo la mbele, na nyingi ni za duara zima zinazoingia kwa kusukumizwa. Hizo nunua tu, na hapo ile bronzi tuliyoiacha mwanzo, kama vipimo vinalingana, inafaa kabisa.