"Mimi Sina Dini, Nina Yesu": Kweli au Si Kweli?

Mhubiri wa kwenye basi anaitangaza kabla safari haijakolea: dini haimpeleki mtu mbinguni. Msibani utaisikia tena. Vijana wanaiandika kwenye simu zao kwamba wao si watu wa dini, wana uhusiano na Mungu, basi. Wengi wanaosema hivyo wanasema kwa moyo, na wengi wamechoka. Wameona michango isiyokwisha, wameona ugomvi wa vyeo madhabahuni, wameona familia inanyimwa mchungaji wa kuzika kwa sababu marehemu alikuwa na deni la ahadi. Machungu hayo ni ya haki. Lakini kauli yenyewe imebeba madai mengi kwa pamoja, na baadhi yake yanawaacha watu pabaya kuliko pale walipokimbia. Tuyachambue moja moja.

"Kauli hii tumeletewa juzi na mtandao kutoka Marekani."
Si kweli.

Ni kweli kwamba Januari 2012 kijana wa Kimarekani, Jefferson Bethke, alitoa video ya shairi akieleza kwamba anaichukia dini ila anampenda Yesu, na mamilioni wakaitazama kwa muda mfupi. Ila wazee wa Kigezi, Bukoba na Murang'a walikuwa wakiizungumza lugha hiyo miongo mingi kabla Bethke hajazaliwa.

Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyetoka hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, akiwa amechoka mwili na roho. Walikaa pamoja na Biblia, wakasoma, wakaomba. Yaliyofuata Gahini katika miaka ya 1930 yalienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na leo tunayaita Uamsho wa Afrika Mashariki. Waliouitikia wakaitwa Balokole kwa Kiganda, na Kiswahili kikapata walokole.

Walikuwa na kilio gani? Kanisa lilikuwa limejaa watu waliobatizwa ambao maisha yao hayakubadilika. Ubatizo ulikuwa mlango wa shule, na shule mlango wa kazi. Ndugu wa Uamsho waliposema kwamba jina la Kikristo, cheo cha kanisani na ukoo wa wachungaji havimwokoi mtu, hawakuwa wanawasema wapagani wala Waislamu. Walikuwa wanawasema wazee wa makanisa yao wenyewe, na wenyewe walilisikia, tena kwa hasira.

"Walokole wa kwanza waliacha dini, wakabaki na uhusiano."
Si kweli, na hapa ndipo msemo wetu ulipopoteza nusu yake.

Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi waliokuwa wakiamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiriana walikatazwa, wakakaidi, na 26 kati yao wakafukuzwa. Mmoja wao alikuwa William Nagenda. Wangekuwa na kila sababu ya kusema kwamba dini imewatupa, sasa wanabaki na Yesu peke yake. Wangeweza kuanzisha kanisa lao kesho yake. Hawakufanya hivyo. Nagenda alihubiri Afrika Mashariki yote na ng'ambo bila kola ya uchungaji shingoni, lakini hakulitoka Kanisa la Anglikana.

Tazama pia walikofika wenzake. Josiah Kibira wa Bukoba, aliyeokoka katika Uamsho, alikuwa askofu wa Kilutheri, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Janani Luwum, mlokole wa mwaka 1948, alikuwa Askofu Mkuu wa Uganda alipouawa Februari 1977 mikononi mwa serikali ya Idi Amin. Festo Kivengere alikuwa askofu wa Kigezi. Hawa ndio waliotufundisha kusema dini haitoshi, na walivaa majoho, walibariki mkate na divai, waliketi katika sinodi.

Kuna jambo zito kuliko majoho. Ndugu wa Uamsho walikutana katika ushirika kila wiki. Pale mtu alisimama akataja dhambi yake kwa jina, mbele ya watu wanaomjua, wanaoishi naye, wanaomdai. Kisha wimbo wa Tukutendereza ukaimbwa. Kitendo hicho walikiita kutembea nuruni. Aliyeiba dawa hospitalini alizirudisha. Aliyekwepa kodi alikwenda kulipa, na karani akabaki haelewi aandike nini. Pombe hapana, tumbaku hapana, deni lilipwe. Kwa hakika masharti yao yalikuwa makali kuliko ya kanisa waliloliona limelala.

Kwa hiyo uhusiano waliouhubiri haukuwa siri kati ya mtu na Mungu wake. Ulikuwa na mashahidi. Ulikaguliwa. Ndugu angeweza kukujia nyumbani na kukuuliza mbona siku hizi huongei vizuri na mke wako, na ulitakiwa kujibu. Na ulipofika wakati wa kulipa gharama, haukuyeyuka: katika vita vya Mau Mau miaka ya 1950, wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo, wakakataa vilevile kubeba bunduki ya serikali ya kikoloni. Wapo waliouawa kwa kukataa huko. Sidhani watu mmoja mmoja, kila mmoja na Yesu wake chumbani, wangestahimili jambo kama lile.

Sisi tumeirithi kauli yao tukauacha ushirika wao. Ndiyo maana leo mtu anaweza kusema ana uhusiano na Mungu na hapana mtu duniani mwenye ruhusa ya kumuuliza habari zake.

"Yesu alikuja kufuta dini."
Si kweli.

Alitahiriwa siku ya nane. Wazazi wake walimpeleka hekaluni na sadaka ya maskini, ndege wawili. Luka anaeleza kwamba kuingia sinagogi siku ya Sabato ilikuwa desturi yake. Usiku wa mwisho kabla ya kufa aliutumia kula Pasaka, ibada yenye utaratibu uliorithiwa, na katikati ya ibada hiyo akaagiza ibada nyingine.

Watu huitaja sura ya 23 ya Mathayo, anapowashukia waandishi na Mafarisayo. Ni maneno makali kweli. Lakini soma mstari wa 23 hadi mwisho. Anawalaumu kwa kutoa zaka ya mnanaa na bizari huku wakiacha haki, rehema na uaminifu, kisha anasema iliwapasa kuyafanya haya makuu bila kuyaacha yale madogo. Hakuifuta hata zaka ya mnanaa. Na katika sura ya 5, mtu aliyefika madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake anaambiwa aiache sadaka pale, aende wakapatane, halafu arudi aitoe. Hiyo safari ya kurudi wahubiri wetu wengi huisahau.

Mtume Yakobo naye hakuliogopa neno dini. Anasema ipo iliyo safi, na anaieleza: kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na kujilinda na uchafu wa dunia.

"Dini haiokoi."
Kweli.

Na hakuna kanisa kubwa linalopinga, ingawa watu hudhani Wakatoliki wanafundisha vinginevyo. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba mwanadamu anahesabiwa haki kwa neema ya Mungu katika Kristo, si kwa stahili ya matendo yake. Ubatizo, kipaimara, rozari, zaka: hakuna kati ya hivyo kinachomnunua Mungu.

Lakini tuseme na upande wa pili, kwa sababu uchungu wake ni mkubwa. Rwanda ilikuwa nchi ya Kikristo kwa wingi, na ndiyo nchi ya Gahini, chimbuko la Uamsho. Mwaka 1994 watu walikimbilia makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye, wakauawa humo humo, na baadhi ya waliowaua waliwahi kusali nao. Wapo waliobatizwa walioshika panga, na wapo waliotoa ushuhuda wa wokovu walioshika panga. Wapo pia wa pande zote mbili waliokufa wakiwaficha jirani zao. Baada ya hapo, mtu akiniambia usalama wa nafsi upo katika kubadilisha jina, tuache kuita dini tuite uhusiano, siwezi kumkubalia.

"Ukiwa na Yesu moyoni, kanisa ni hiari."
Si kweli.

Huyo Yesu umemjuaje? Kwa Biblia, utasema. Vitabu 27 vya Agano Jipya tunavyovishika tunavikuta vimeorodheshwa vyote, bila kuzidi wala kupungua, katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Kabla yake makanisa yalikuwa yamevisoma, yamevinakili, yamejadiliana kipi ni cha mitume na kipi si chao. Kwa Kiswahili, Agano Jipya la Askofu Edward Steere lilitoka mwaka 1879 kutokana na kazi yake Zanzibar. Biblia ya Union Version, ambayo mistari yake wengi wetu tunaijua kwa kichwa, ilikamilika mwaka 1952 kwa kazi ya kamati na makanisa yaliyokubali kukaa meza moja. Anayesoma peke yake kitandani saa kumi na moja alfajiri ameketi juu ya jasho la dini ya karne nyingi.

Na Wakristo wa mwanzo? Tuna shahidi asiyewapendelea. Mnamo mwaka 112 Plinio, gavana wa Kirumi, alimwandikia Kaisari Trayano kuhusu watu hawa aliokuwa akiwahoji na kuwaua. Alieleza kwamba walikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama mungu, wakajifunga kwa kiapo wasiibe, wasizini, wasivunje ahadi, kisha baadaye wakakutana tena kula pamoja. Siku maalumu, nyimbo, kiapo, chakula cha pamoja. Hiyo ni dini, tena iliyowagharimu shingo zao.

Nina sababu nyingine ya kulisisitiza hili. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ikiwamo mingi ya watoto. Kwa maelezo ya manusura na waendesha mashtaka, waumini waliambiwa na mhubiri wao wafunge chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Washtakiwa walipofikishwa mahakamani mwanzoni walikana mashtaka. Kwangu mimi swali ni hili: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kufika pale na kusema, mtumishi, hili ulilofunuliwa si la Mungu? Askofu hakuwapo, sinodi haikuwapo, baraza la wazee lenye meno halikuwapo. Taasisi za dini nazo zimewahi kuficha maovu makubwa, na hilo lisifunikwe. Lakini palipo na kanuni, pana kitu cha kumshtakia mkosaji. Palipo na ufunuo wa mtu mmoja tu, mnyonge hana pa kukata rufaa.

"Uhusiano binafsi na Mungu ni mambo ya walokole tu; makanisa ya zamani hayaujui."
Si kweli. Augustino wa Hippo aliandika Maungamo yake mwishoni mwa karne ya nne, na kitabu kizima anamwambia Mungu moja kwa moja. Alikuwa askofu.

"Mtu wa dini tu hamjui Mungu."
Hili mwanadamu hakupewa kipimo chake.

Tunamwona mama anayesali rozari ile ile, maneno yale yale, miaka arobaini, na kijana aliyeokoka juzi anamhesabu kuwa hajamjua Bwana. Kwa kutumia nini? Luka anatueleza habari za Ana, mjane wa miaka 84, ambaye hakuondoka hekaluni, akifunga na kuomba usiku na mchana. Kama yupo mtu wa dini, ni huyo. Mtoto alipoletwa, katikati ya umati wa hekalu lile, yeye na mzee Simeoni ndio waliomtambua.

Kisha kuna Namugongo. Mwaka 1886 vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto kwa kukataa kumkana Kristo. Anayetafuta watu waliokuwa na uhusiano na Mungu asiende mbali. Siku za mwisho, walipojua hukumu inakuja, baadhi yao walikuwa bado wanafunzi wa ubatizo, na Kizito alikuwa mvulana wa miaka kama 14. Walikuwa wameshaamini. Walikuwa tayari kufa. Wangeweza kuona maji na maneno ya ibada ni nyongeza isiyo na kazi tena. Walimwomba mwenzao Karoli Lwanga awabatize, naye akawabatiza.