Mwani katika Chakula cha Kuku: Kutoka Ziwa Tanganyika hadi Bandani Tabora

Mfugaji wa Tabora anayechanganya pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa wa Kigoma huwa tayari anawalisha kuku wake mwani, ingawa kwa njia ya mzunguko. Kwani dagaa wa Ziwa Tanganyika hula vijidudu vya majini, navyo vijidudu hivyo huishi kwa mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaoelea ziwani na kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Katika kila hatua ya mlolongo huo sehemu kubwa ya nishati, ambayo kwa kawaida hukadiriwa kuwa tisa ya kumi, hupotea, hivyo kinachofika bandani ni masalio tu ya kilichozalishwa majini.

Dagaa hao husafirishwa kwa kufuata njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji, ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliipita wakiwa na mizigo ya pembe za ndovu na vitambaa, na ambayo Reli ya Kati ilikuja kuifuata kwa sehemu kubwa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Chimbuko la dagaa hao, yaani ziwa lenyewe, hata hivyo, limedhoofika. Utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulieleza kuwa ongezeko la joto limezuia maji ya juu ya ziwa yasichanganyike vizuri na yale ya chini yenye rutuba, na ukakadiria kwamba uzalishaji wa mwani umepungua kwa takriban asilimia 20. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Si haki kitoweo cha watu kilicho adimu namna hiyo kiendelee kugombewa na kuku, ilhali mwani unaweza kukuzwa na kulishwa moja kwa moja.

Mwani unaofaa zaidi kwa kazi hiyo ni spirulina, ambao kwa uainishaji wa kisayansi ni bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, na ambao hustawi katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama vile Bogoria nchini Kenya, ambako heroe wadogo, yaani flamingo, huutegemea kwa chakula na kwa rangi yao ya waridi. Ukikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Ukuta wa seli zake hauna selulosi, ile nyuzi ngumu ya mimea, hivyo husagika tumboni kwa urahisi. Na karotenoidi zake, yaani viasili vya rangi ya njano na nyekundu, hukoleza kiini cha yai, sifa inayopendwa sana na wanunuzi.

Hata hivyo, kuku hawezi kuishi kwa spirulina peke yake. Mwani huo ukizidi katika chakula cha kuku wa nyama, ukuaji hupungua, kwa kuwa hauna lisini na methionini za kutosha, nazo ni asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ambazo kuku hana budi kuzipata katika chakula. Hatari kubwa zaidi ni utando wa kijani wa mabwawani, kwani baadhi ya bakteria wa jamii hiyo hutoa sumu inayoharibu ini. Kwa sababu hiyo mfugaji asichote utando wa bwawa lolote akadhani amepata spirulina.

Tabora ina jua jingi la kiangazi, ingawa usiku wa baridi wa Juni na Julai hupunguza kasi ya mwani huu, unaopenda maji ya joto la nyuzi 35 hivi. Maji ya bwawa la kukuzia lazima yatiwe magadi, na gharama ya kuyapata, pamoja na ya kuchuja na kukausha mavuno, ndiyo itakayoamua kama spirulina inaweza kushindana na dagaa sokoni. Kwa sasa yafaa itumike kama kiungo kidogo cha chakula cha kuku wa mayai, na watafiti wa mifugo wa Mpwapwa, walio kwenye njia hiyohiyo ya misafara, waijaribu kwa kuku wa kienyeji pamoja na mashudu ya alizeti ya Singida, kisha matokeo na gharama zake viwafikie wafugaji kwa Kiswahili.