Nyanya Huanza Kuiva Ndani

Je, wajua kwamba nyanya mbili za kijani kwenye shina moja, zenye ukubwa uleule, zinaweza kuwa moja imekomaa na nyingine bado changa? Kwa macho huzitambui kwa urahisi. Toa kafara moja kwa kisu. Mbegu zikikatika pamoja na nyama, nyanya za rika hilo ni changa. Ukizichuma zitanywea tu, au ziwe nyekundu bila ladha. Mbegu zikiteleza ndani ya ute na kuyakwepa makali ya kisu, zimekomaa, na zitaiva hata nje ya shina.

Kinachoziivisha ni ethilini, gesi ambayo nyanya hujitengenezea yenyewe. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, mwanasayansi wa Urusi, alitambua kuwa gesi hiyo, iliyokuwa ndani ya gesi ya taa, ndiyo iliyopotosha ukuaji wa miche ya njegere. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha, kwa kutumia matufaha, kwamba matunda yenyewe huitoa. Ndani ya nyanya iliyokomaa, ethilini kidogo huchochea ethilini zaidi, na safari ikishaanza hairudi nyuma. Ukijani huvunjika, likopini ambayo ndiyo wekundu wenyewe hujengeka, ukali hupungua, nyama hulainika. Hata tomatini, sumu chungu inayoilinda nyanya mbichi dhidi ya wadudu, huvunjwavunjwa, kwa maana sasa mmea unataka tunda liliwe na mbegu zisambae.

Dalili ya kwanza hujitokeza kitakoni mwa tunda, upande ulio mbali na kikonyo: doa la manjano au waridi. Kwa maoni yangu, mwenye shamba dogo nyuma ya nyumba achume kuanzia hapo. Tofauti ya ladha na nyanya iliyoachwa ikaiva kabisa shambani ni ndogo, ilhali hatari za kungoja ni kubwa. Mvua kubwa hupasua ngozi ya nyanya iliyokaribia kuiva, ndege huidonoa, na nondo wa Tuta absoluta, aliyeingia Kenya mwaka 2014, hupata siku zaidi za kuishambulia. Hata anayepeleka mzigo soko la Chwele huko Bungoma, magharibi mwa Kenya, hufaidika na nyanya zilizoanza tu kugeuka rangi, kwa kuwa hazipondeki upesi ndani ya kreti.

Lakini kalenda ya kuiva ya Bungoma si ya Kitale. Mji wa Bungoma uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale karibu 1,900, na tofauti hiyo hupunguza joto kwa nyuzi kama 3. Panda nyanya aina ya Cal-J siku moja pande zote mbili, na kwa kawaida ya Kitale itachelewa, hasa kwa kuwa usiku wa huko hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 13, baridi inayopunguza sana kasi ya kuiva. Bungoma nako kuna shida yake. Mchana wa Januari na Februari joto likipita nyuzi 30, likopini haitengenezwi vizuri, huku karotini, yenye umanjano, ikiendelea. Mabega ya nyanya hubaki manjano, mkulima anangoja wekundu usiokuja, na nyama inazidi kulegea. Nyanya hizo zichumwe, ziwekwe kivulini ndani ya nyumba penye nyuzi 20 hadi 25.

Wengi huzipanga dirishani zipigwe jua. Haina haja: nyanya iliyokomaa haihitaji mwanga ili iive, na jua kali huichemsha upande mmoja. Ukiwa na haraka, zitie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, ambayo hutoa ethilini kwa wingi. Friji ingoje, kwani baridi yake huzima vimeng'enya vinavyotengeneza harufu ya nyanya. Na unapozipanga mezani, laza upande wa kikonyo chini. Kovu lile ndilo mlango mkuu wa maji kutoka ndani ya tunda.