Mkaguzi wa Hesabu Anapoomba Kura

Kila ifikapo Juni, halmashauri za Mkoa wa Tanga, kuanzia Jiji hadi Kilindi, huitisha baraza maalumu la madiwani lenye ajenda moja tu: hoja za ukaguzi. Mkurugenzi na wakuu wake wa idara hujibu, madiwani huuliza, mkuu wa mkoa hutoa maelekezo, na mwakilishi wa mkaguzi hukaa na makabrasha yake akisubiri kuulizwa. Mwananchi anayefuatilia kikao kama hicho ana haki ya kujiuliza: huyu anayejua fedha zilikopotelea, kwa nini asigombee yeye? Swali hili linataka jibu la hatua kwa hatua, maana ndani yake yamo maswali matatu: mkaguzi hufanya nini hasa, sheria inamruhusu nini, na ujuzi wake ungefaa zaidi wapi.

Tuanze na kazi. Ibara ya 143 ya Katiba imeweka ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye wengi wetu tunamwita CAG. Hukagua hesabu za Serikali walau mara moja kwa mwaka, na katika kazi hiyo halazimiki kufuata amri ya mtu yeyote. Akimaliza hutoa hati, yaani maoni yake kuhusu hesabu. Hati inayoridhisha ndiyo mtaani huitwa hati safi. Baada yake huja yenye shaka, kisha isiyoridhisha, na mwisho ni pale mkaguzi anaposhindwa kutoa maoni kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Ieleweke vizuri kwamba hati safi haina maana kwamba hakuna aliyeiba. Maana yake ni kwamba vitabu, kwa sehemu kubwa, vimeandikwa inavyotakiwa. Hoja ni kitu kingine: ni jambo mahususi ambalo mkaguzi ameliona halikwenda sawa na anataka lijibiwe. Halmashauri inaweza kupata hati safi ikiwa na hoja nyingi mkononi.

Hoja huzaliwaje? Chukua geti la ushuru wa mazao kwenye barabara ya Muheza msimu wa machungwa. Mkusanyaji anayo mashine ya POS, na kila gari linalopita linakatiwa risiti. Tuseme kwa wiki moja mfumo unaonyesha makusanyo ya shilingi 1,200,000, lakini stakabadhi za benki zinaonyesha 850,000. Mkaguzi anauliza 350,000 ziko wapi. Anaambiwa zilitumika kununua mafuta ya gari la idara, kulikuwa na dharura. Hata kama mafuta yalinunuliwa kweli, hiyo ni hoja, kwa sababu fedha imetumika kabla ya kufika benki. Wahasibu wa halmashauri huiita fedha mbichi. Kosa hilo halionekani geti­ni wala benki. Linaonekana pale tu karatasi mbili zinapowekwa ubavu kwa ubavu. Huo ndio ustadi wa mkaguzi, na kwa maoni yangu ni ustadi wa heshima kubwa kuliko tunavyoupa.

Ila ustadi huo una ukingo. Mkaguzi hamfukuzi mtu kazi, hamfikishi mtu mahakamani, hamlazimishi mtu kurudisha fedha. Ripoti kuu humfikia Rais mwishoni mwa Machi, naye huagiza iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu mkutano unaofuata wa Bunge uanze. Rais asipofanya hivyo, Katiba inampa CAG njia ya kuipeleka kwa Spika. Kutoka hapo hesabu za halmashauri huenda kwenye kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya kazi ni ya mkaguzi, na nusu ya pili ni ya mwanasiasa. Asiyeona mpaka huo hawezi kuelewa kwa nini ripoti nzito huishia kabatini.

Mpaka huo ulionekana wazi katika suala la Profesa Mussa Assad. Desemba 2018, akiwa CAG, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa mjini New York, akaulizwa kwa nini ripoti zake hazizai hatua. Alisema kwamba kwa mtazamo wake huo ni udhaifu wa Bunge. Spika Job Ndugai aliagiza afike mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, akafika Januari 2019. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye, na Novemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akamteua Charles Kichere kushika nafasi hiyo. Hoja ya Profesa Assad ilihusu nusu ya pili ya kazi, isiyo yake, na wenye nusu hiyo walimjibu kwa madaraka waliyonayo.

Upande wa pili wa mpaka huo umewahi kuonyeshwa na mbunge wa kwetu. Julai 2011 Beatrice Shellukindo wa Kilindi alisimama bungeni Dodoma na barua ya Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati na Madini, David Jairo, iliyotaka taasisi zilizo chini ya wizara zichangie fedha wakati wa kupitishwa kwa bajeti. CAG wa wakati huo, Ludovick Utouh, aliombwa kuchunguza. Agosti, Katibu Mkuu Kiongozi Philemon Luhanjo alitangaza kwamba uchunguzi haukukuta kosa la kinidhamu, na Jairo akaambiwa arudi kazini. Bunge lilichachamaa, likaunda kamati teule, nayo ikaleta taarifa yake Novemba. Sitaki kusema nani alikuwa sahihi. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba jambo moja lilitazamwa kwa macho mawili. Mkaguzi alijibu alichoulizwa, ndani ya hadidu za rejea alizopewa. Mbunge hakuwa na hadidu za rejea. Aliuliza kama jambo lenyewe lilipaswa kufanyika.

Sasa sheria. Aliyewahi kuwa CAG hateuliwi tena kushika kazi nyingine katika utumishi wa Serikali. Katiba imefunga mlango huo ili asitafute cheo kwa anaowakagua. Utouh alipostaafu mwaka 2014 alianzisha taasisi ya WAJIBU, inayohimiza uwajibikaji. Lakini chini ya CAG wapo wakaguzi wengi wa kawaida, na hao wakistaafu au wakiacha kazi wanabaki raia kama sisi. Wanachokutana nacho ni ibara ya 67: mgombea ubunge lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania mgombea binafsi kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilimkubalia, Mahakama ya Rufani ikamkatalia mwaka 2010, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki. Kifungu bado kipo. Kwa hiyo mkaguzi wa Tanga anayetaka ubunge huanzia ofisi ya chama, na mwaka 2020 ndani ya CCM pekee waliochukua fomu za ubunge na uwakilishi walizidi watu 10,000.

Hapo ndipo tabia ya kazi yake inapomgeuka. Kura za maoni hupigwa na wajumbe, na wajumbe humjua aliyewasaidia, aliyehudhuria misiba yao, aliyechangia timu ya kata. Mkaguzi mzuri ameishi kinyume cha hayo: hali chakula cha anayemkagua, huhamishwa kabla hajazoea mji, na kazi yake ikifanikiwa mtu fulani hukasirika. Tena lipo suala la maadili ambalo silichukulii kwa wepesi. Aliyekagua Pangani mwezi Machi kisha akaomba kura Pangani mwezi Agosti anawafanya watu waisome upya kila hoja aliyoiandika. Hata kama zote zilikuwa za haki, zimeshatiwa doa.

Labda mtu atasema tatizo ni letu, na kwamba mkaguzi angepigiwa kura kama mkaguzi mambo yangekuwa tofauti. Yako majimbo ya Marekani yanayofanya hivyo, na Missouri ni mfano mzuri. Margaret Kelly, mhasibu kwa taaluma, alikuwa mkaguzi wa jimbo hilo tangu 1984, akachaguliwa mara tatu mfululizo. Aligombea unaibu gavana mwaka 1992 akashindwa, kisha ugavana mwaka 1996 akashindwa. Nicole Galloway, naye mhasibu, alishinda ukaguzi mwaka 2018 na akashindwa ugavana mwaka 2020. Kit Bond na John Ashcroft walipita katika ofisi hiyohiyo muda mfupi tu na wote wawili wakawa magavana. Hao walikuwa wanasheria. Mifano michache haitoshi kuwa kanuni. Inaonyesha hata hivyo kwamba wapiga kura walewale wanaweza kumwamini mtu kutazama fedha zao mara tatu na bado wasimpe kuzitumia.

Baada ya kufuata yote haya naweza kusema ninachokiamini, nacho kinaanzia kwenye kalenda. Fedha mbichi iliyotumika Muheza Julai 2022 iko ndani ya mwaka wa fedha ulioisha 30 Juni 2023. Ripoti yake humfikia Rais Machi 2024, na baraza la hoja hukaa Juni 2024. Karibu miaka miwili imepita. Mkusanyaji amehama, mashine imeharibika, wakala wa ushuru amefunga ofisi. Mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ilipita njia hiyohiyo: ripoti zilieleza vikundi visivyorejesha, hadi Serikali ikasitisha utoaji Aprili 2023, na vikundi vilivyokuwa vikirejesha vikasubiri pamoja na vilivyotoweka.

Ubunge hauponyi ucheleweshaji huo, kwa sababu LAAC hukaa baada ya yote hayo. Panapoponya ni Kamati ya Fedha ya halmashauri, inayokutana kila mwezi, na wajumbe wake ni madiwani. Ningependa kuwaona wakaguzi wastaafu wa Tanga, Korogwe na Lushoto wakiomba udiwani katika kata wanazoishi, hata mara ya pili na ya tatu wakishindwa, miaka kadhaa baada ya kuacha kukagua maeneo hayo. Udiwani unapita chama vilevile, lakini kata ni ndogo, jirani humjua jirani, na posho haivutii umati wa wagombea kama ubunge. Mtu huyo akiingia kwenye kamati, hana haja ya kusubiri ripoti ya mtu. Katika kikao chake cha kwanza anaweza kuomba karatasi tatu: makusanyo ya mwezi kama yalivyo kwenye mfumo, stakabadhi za benki za mwezi huohuo, na orodha ya mashine za POS ambazo hazijasomeka kwa zaidi ya wiki moja, pamoja na jina la aliyekabidhiwa kila moja.